Mzee wa Barafu Hakusema Kitu

Hakuna filamu inayonitia hasira kama kichekesho cha watu wa ajabu. Filamu ya vita naiweza. Ya mapenzi naiweza hata nikiwa na homa. Ya Kihindi kwangu ni mapumziko, maana mtu akiumia moyo mle anaimba, akimaliza kuimba analia, mama yake naye analia, na mimi ninalia nao na watu wanaridhika. Lakini hivi vichekesho vya watu waliovaa masweta mabaya, wanaogombana saa nzima kuhusu kijiko, halafu ghafla mmoja anaweka kikombe mezani taratibu na wewe unatakiwa ujue kwamba moyo wake umevunjika! Uso hausemi. Mdomo hausemi. Hata muziki wameuzima. Sijui nani aliwaambia watengenezaji kwamba huo ni ustaarabu.

Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye ninayebaki na kazi ya kuwasemea. Nakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya ukumbi wa video huko Sherikat, Juba, karibu na daraja, nimeshika maikrofoni, na kila kinachosemwa kwenye skrini nakisema kwa Kiswahili papo hapo, sauti zote, za wanaume na za wanawake, polisi na mwizi. Wateja wananiita dijei, ingawa sijawahi kupiga muziki hata siku moja. Wengi wao ni madereva wa malori, makuli, wauza vitunguu na waendesha boda, wengine wa hapa, wengine wa Uganda na Kenya. Kiswahili ndicho kinachowakalisha benchi moja. Cha kwangu nilikitoa Kenya nilikosomea, na nikiona watu wanaanza kusinzia nakitia Kiarabu cha Juba kidogo.

Katika kazi hii kunyamaza ni kosa kubwa kuliko kudanganya. Ukidanganya, nani atajua? Lakini ukikaa kimya sekunde tano tu, mtu wa benchi la mbele anasema "sut mafi", hakuna sauti, na mwenzake anadakia, kisha wanapiga miluzi, kisha mama mwenye ukumbi anaingia akifuta mikono kwenye kitenge. Huyu mama alikulia Uganda na Kiswahili chake ni cha huko. Ananiinamia sikioni na kuniuliza, "Wewe iko unalala? Watu itafikiri mashini imekufa." Kwa hiyo tunajaza. Dijei yeyote atakwambia. Mwigizaji akinyamaza, unamtungia maneno, na maneno hayo mara nyingi ndiyo watu wanayokumbuka.

Filamu ya mzee wa barafu ililetwa na mama huyo kutoka Kampala, ndani ya flashi moja pamoja na za karate na za mazimwi. Jina lake siwezi kukuambia kwa sababu faili lilikuja limeandikwa namba tu. Watu wake wanaongea lugha ya Kizungu nisiyoijua, na chini kuna maandishi ya Kiingereza. Hadithi ni ya mzee anayeuza barafu katika nchi iliyojaa theluji. Ndiyo, barafu, kwa watu wanaokanyaga barafu kutoka mlangoni mwao. Ana gari bovu, na kwenye kiti cha mbele, amefungwa mkanda, anakaa bata bukini. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, anakuja kutoka mjini na koti zuri ili amshawishi mzee auze gari. Saa nzima wanagombana kama bata akae mbele au nyuma. Watu wa Sherikat walicheka hata pale nilipokosea.

Halafu kinafika kituo cha treni. Mtoto anarudi mjini, gari halikuuzwa, na mzee amemsindikiza. Dakika moja na nusu, nimeipima kwa simu. Hakuna anayesema. Mzee anaangalia reli. Kisha anamgeukia mtoto na kuanza kumfunga vifungo vya koti kutoka chini, kimoja kimoja, kama bado ana miaka minne, na anakosea tundu la kwanza, kwa hiyo vyote vinapanda upande. Anafika shingoni, amebakiwa na kifungo kisicho na tundu. Anakitazama. Anakipigapiga kwa kiganja, kama vile kimekaa sawa. Mtoto anapanda treni, anakaa dirishani na koti lake lililopinda, na harekebishi. Basi. Hicho ndicho kilio chao, na ukikohoa umekikosa.

Siku ya kwanza nilipoiona nilitamani kumtupia mtu kiti. Dakika moja na nusu nitaijaza na nini? Nikampa mzee wosia. "Mwanangu, ukifika mjini usinunue saa kwa mtu anayetembea. Ukiitwa jina na mtu usiyemjua, siku hiyo wewe ni kiziwi. Kula kwanza ndipo uende msibani. Mwanamke akikuuliza kama chakula kimepungua chumvi, fikiri kuhusu kesho yako kabla hujajibu." Nilimwaga tu, kifungo kwa wosia, na ukumbi ulilipuka. Wiki iliyofuata wakaiomba tena. Ikawa kila Alhamisi alasiri ni ya mzee wa barafu, na wateja wakawa wanasema wosia pamoja nami, kwa sauti moja, wanaume wazima wenye familia.

Hawakujua nilikoutoa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, tuko kambi ya wakimbizi upande wa Adjumani, Uganda, baba aliponipeleka kwenye lori niende kwa mjomba Nakuru nikasome. Nilikuwa sijawahi kulala mbali na nyumbani. Nilisubiri aniambie kitu, hata aniambie nisiwe mchafu. Yeye alizunguka lile lori akikagua magurudumu. Alilipiga moja teke, akamwambia dereva lina upepo mdogo, akaondoka kabla injini haijawashwa. Njia nzima mpaka mpakani nilikuwa nimekasirika na nikijitungia mwenyewe maneno ambayo baba mwenye akili angemwambia mtoto wake. Saa, kiziwi, msiba, hayo yote ni ya kule juu ya lori, nimeyatia chumvi tu. Miaka tisa ilipita kabla sijamwona tena, na tulipoonana aliniuliza kama Nakuru kunanyesha.

Nilimkasirikia mzee wangu miaka thelathini. Nalisema wazi kwa sababu sina njia nyingine ya kulisema. Nilitaka neno moja kutoka kwake, lolote, kabla mmoja wetu hajazikwa, na nilikuwa naona muda unakwisha.

Ndipo akaja Juba kutibiwa macho. Sasa analima karibu na Nimule, peke yake, hataki kusikia habari za mji. Jicho la kushoto lilikufa zamani. La kulia lilishikwa na mtoto wa jicho, akawa anaona watu kama vivuli, na habari zikamfikia kwamba madaktari wa kupasua macho wamekuja mjini kwa siku chache. Alishuka kwenye gari na gunia la mihogo ambalo sikumwomba, akakataa kushikwa mkono, akagonga nguzo ya lango langu mtaa wa Hai Cinema, akamwomba msamaha. Nilipomwambia kwamba ile ni nguzo, alisema anajua.

Walimpasua Alhamisi asubuhi. Wakamfunga jicho na bandeji, na kwa kuwa la pili halina kazi, akawa haoni kabisa. Akaambiwa akae atulie mpaka kesho yake watakapoifungua. Nilimlaza kwangu, nikamwekea maji na redio, nikamwambia jirani amtazame. Alisema hajaja Juba kusikiliza ukuta. Alitaka kwenda kuona kazi yangu. Nikamuuliza ataiona na nini. Akajibu kwamba ataisikia, na akaanza kutafuta viatu chini ya kitanda kwa mikono.

Nilifika naye ukumbini kabla ya watu na kumsihi mama mwenye ukumbi abadilishe filamu siku hiyo tu, aweke hata ile ya mazimwi. Sikuweza kumweleza kwa nini. Alinisikiliza akichagua mchele, kisha akasema, "Alhamisi iko ya barafu. Watu itakuja ya barafu." Alikuwa tayari ameshamkalisha mzee wangu kwenye kiti kizuri, pembeni yangu kabisa, na kumpa chai.

Basi nikatafsiri filamu kwa baba yangu asiyeona, kwa hiyo filamu yote ilikuwa ni mimi. Kiswahili anakielewa, alikiokota sokoni miaka ile ya Uganda. Alicheka. Sikutegemea. Alicheka bata alipokataa kuhamia nyuma, akaniuliza kwa lugha yetu ni mnyama gani, nikamjibu huku bado nimeshika maikrofoni, na ukumbi mzima ukasikia lugha ya kwetu ukacheka pia. Kwa muda nilidhani tutapita salama.

Kituo cha treni kilipofika nilifunga mdomo. Nataka ieleweke kwamba nilijaribu. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne. Mzee kwenye skrini anaangalia reli. Mtu wa mbele akasema "sut mafi". Nikaendelea kunyamaza. Basi wakaanza wenyewe, bila mimi, dereva mmoja mnene akiongoza, "Mwanangu, ukifika mjini," na benchi zote zikaitikia. Sasa ungefanya nini? Nikaufuata wosia wangu kama kwaya, mpaka mwisho, na watu wakapiga benchi kwa viganja. Nilimtazama baba. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kikombe cha chai kimesimama nusu njia.

Watu walipotoka alibaki amekaa. Nilikuwa nakunja waya. Akaniuliza, "Yule mzee kweli alisema maneno yote yale?"

"Hapana, baba. Hakusema kitu."

"Alifanya nini?"

Nikamwambia kuhusu vifungo.

"Alivifunga vizuri?"

"Alikosea. Kimoja kilibaki hakina tundu."

Kidole chake gumba kilipitapita kwenye vifungo vya shati lake mwenyewe. "Basi ungewaambia hivyo," alisema.

Hapo ndipo pangekuwa pahali pa kumuuliza kuhusu siku ile ya lori. Ukumbi mtupu, hakuna haraka, na mlango ameufungua yeye mwenyewe. Na mimi nilifanya nini? Nikaanza kumweleza biashara ya ukumbi wa video. Nikamweleza kwamba wateja wetu wamechoka, wanataka kelele, hawawezi kukaa wakimtazama mtu akifunga vifungo. Nilimweleza mpaka nje, nikamweleza tukitafuta usafiri, nikamweleza tukivuka daraja. Alikuwa akisema "mm" kila baada ya muda, kama mtu anayesikiliza tangazo.

Asubuhi walimfungua bandeji. Mimi niliambiwa nisubiri nje ya pazia, kwa hiyo nilisikia tu. Nesi akamuuliza ni vidole vingapi. Akasema vitatu, na kucha umezipaka rangi nyekundu, mmoja umesahau. Nesi akacheka. Alitoka amevaa miwani myeusi mikubwa waliyompa, akitembea bila kugonga kitu. Wakaniambia akae Juba wiki moja wamwangalie. Yeye akasema manesi wapo hata Nimule na simsim yake inahitaji palizi. Tuligombana getini, tukagombana kwenye boda, kila mtu na yake. Kufika saa sita tulikuwa Sherikat, penye magari ya Nimule, na jina lake limeshaandikwa kwa kondakta.

Mzigo wake ulipokwisha kufungwa juu, alikuja akasimama mbele yangu. Karibu sana. Akavua miwani. Jicho lilikuwa jekundu, lenye maji, na lilinielekea moja kwa moja. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Nikajua. Nikasema moyoni, ndiyo sasa, hili hapa linakuja, miaka thelathini, tulia wewe mtu, tulia. Nikahesabu. Sikufika hata nne.

Nilisikia sauti yangu ikimwambia avae miwani, jua ni kali. Ikaendelea. Matone asubuhi na jioni. Usilisugue. Usiiname shambani, usibebe gunia, kaa dirishani lakini usifungue dirisha kwa ajili ya vumbi. Dereva akianza kukimbia mwambie una mgonjwa, mgonjwa mwenyewe ni wewe. Mama mmoja mwenye kapu la nyanya akacheka, na nilipomsikia anacheka nikaongeza, siwezi kujizuia, nikamwambia baba akiona simba Nimule asimsalimie kama alivyosalimia nguzo yangu. Kondakta naye akacheka. Nilikuwa namzunguka baba, nakaza mfuko wake, nafuta vumbi begani. Yeye aliinua mkono kidogo, akaushusha. Akavaa miwani. Akasema, "Haya," akapanda.

Gari lilipoondoka nilijitukana mpaka darajani na kurudi. Nilitaka neno miaka thelathini, limefika mdomoni mwa mzee, limebakiza meno tu, na mimi nimelifukuza kwa habari za simba. Mtu mwingine anaweza kusema alikosa bahati. Mimi nilikosa adabu.

Alhamisi iliyofuata niliamua. Tulipofika kituoni nilisema tu, "Anamfunga vifungo. Amekosea tundu." Kisha nikanyamaza. Walipiga miluzi. Dereva mnene akageuka akanitazama kama mtu aliyeibiwa, akaniuliza wosia uko wapi, yeye amemleta shemeji yake kwa ajili ya wosia. Mama mwenye ukumbi akachungulia mlangoni. Nikautoa. Nilikuwa nimeshindwa na nikijua nimeshindwa, na nilisema kile kipande cha chumvi kwa hasira mpaka shemeji wa watu akasimama kupiga makofi.

Nilimpigia baba simu Jumamosi. Nilijiambia nitauliza jambo moja na nitanyamaza. Tukamaliza jicho, linaendelea vizuri. Tukamaliza simsim. Nikamuuliza, siku ile pale kwenye gari, ulitaka kuniambia nini?

"Siku gani?"

"Ulipokuwa unaondoka. Ulisimama mbele yangu muda mrefu, baba."

"Sikutaka kukuambia kitu," alisema. Nilidhani ananificha. Nikakaa kimya, kweli nilikaa, naye akaendelea mwenyewe. "Nilivua miwani nikutazame. Uso wako sijauona sawasawa miaka sita. Nikasema acha nimwone vizuri, nimwone amekuwaje. Ukaniambia niivae."

 

"Na hukutulia," aliendelea, bila lawama, kama anavyosema habari za mbuzi. "Ulikuwa unanizunguka na kuongea. Nilichoona ni mdomo tu."

Nikamwambia nakuja Nimule Jumapili, nitakaa mbele yake mchana kutwa anitazame mpaka achoke. Akasema Jumapili yuko kanisani, nije Jumatatu.